Kalamu ya Pili ya Mtafiti

Vijana waliopata kazi ya utafiti katika vyuo na vituo vya Nyanda za Juu Kusini aghalabu huuliza swali ambalo wakubwa wao hawakulazimika kulijibu, nalo ni kama yafaa mtu aliyekabidhiwa kazi ya elimu afungue blogi yake mwenyewe, aandike humo kwa jina lake, kwa lugha yake na kwa wakati autakao, ilhali tasnifu, ripoti na makala za majarida zinamngoja mezani. Jawabu langu ni kwamba yafaa, na kwa baadhi yao yakaribia kuwa wajibu. Lakini jawabu hilo halina faida mpaka litanguliwe na jambo ambalo nasaha za wageni hulipitia mbali, yaani kwamba mtafiti wa Mbeya au Iringa anapoandika hadharani huwa ameshika mali za aina mbili, iliyo yake na aliyowekewa amana, na heshima yake katika taaluma itapanda au itashuka kwa kadiri anavyozipambanua.

Nawataja wageni kwa kuwa mengi yaliyoandikwa juu ya habari hii yametoka kwao. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Chicago kiliwanyima ajira ya kudumu wanazuoni wawili waliokuwa wakisifika kwa blogi zao, Daniel Drezner wa elimu ya siasa na Sean Carroll wa fizikia, na watu wakabishana sana kama kalamu ya hadharani ndiyo iliyowaponza. Haikuthibitika. Drezner alipokewa Tufts, Carroll akaenda Caltech, na wote wawili wakaendelea kuandikia umma. Kisa hicho kina mafunzo kwa Wamarekani, lakini kwetu hakina budi kupimwa upya. Huku, kuingia chuo cha umma ni kwa tangazo na usaili wa Sekretarieti ya Ajira; kupanda kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri, na kutoka hapo hadi mhadhiri mwandamizi na profesa, ni kwa shahada na kwa makala zilizopitiwa na wataalamu wenzio. Wanaokaa katika kamati za kupandisha vyeo, wawe wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wawe wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, huhesabu machapisho hayo, wala blogi haimo katika hesabu yao. Basi hasara ya kwanza ya blogi si chuki ya mkubwa. Ni saa.

Saa hizo zihesabiwe kwa insafu. Makala fupi ya blogi, ikiandikwa kama inavyopasa, hula jioni mbili au tatu, na mwenye kuahidi wasomaji wake kitu kipya kila juma amejinyang'anya wasaa ambao ungetosha kuimaliza makala ya jarida iliyomkwama tangu masika. Anayeanza asiahidi juma kwa juma. Aandike mara moja kwa mwezi, tena kutokana na kazi aliyokwisha kuimaliza: makala yake ikishatoka katika jarida, ndipo aketi aieleze upya kwa Kiswahili kwa ajili ya watu ambao hawatalifungua jarida hilo kamwe. Hapo jioni zake mbili zimezaa mara mbili, na hakuna siri iliyovuja, maana ya jarida yamekwisha kuwa ya wote.

Wala watu hao si wachache. Fikiria Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, ambacho kwa miongo mingi kimetoa mbegu za maharage ambazo jina la Uyole limebaki juu yake hata sokoni, Uyole Njano na nyinginezo. Mbegu ilitoka kituoni ikafika Mbozi, Mbarali, Mufindi na Kilolo. Lakini maarifa yaliyoizaa, yaani ni kwa nini aina hii yavumilia ugonjwa fulani na ile haivumilii, na ni udongo gani unaoikataa, mengi yalibaki katika Kiingereza cha majarida. Afisa ugani anayezunguka kata tatu kwa pikipiki moja hana jarida, ila ana simu. Akiipata makala ya Kiswahili fasaha, iliyoandikwa na mtu aliyeipanda mbegu hiyo kwa mkono wake, ataisambaza katika makundi ya wakulima kabla mwandishi hajafunga daftari lake. Mtafiti wa namna hiyo akienda kijijini kuomba shamba la majaribio hupokewa na watu wanaomfahamu. Na mfadhili anapouliza, kama wanavyouliza wote siku hizi, matokeo ya utafiti yatawafikiaje wananchi, huwa na jambo la kuonyesha badala ya kuandika aya ya matumaini. Hiyo ndiyo faida ya kazi ninayoijua, nayo huja polepole, kwa mlango wa nyuma, kupitia watu ambao kamati ya vyeo haiwajui.

Wakati wa kuitoa makala nao una hukumu yake. Habari ya mbolea ya kupandia mahindi iliyotoka Januari ni fasihi tu, kwa kuwa mvua za nyanda hizi huanza Novemba au Desemba na mkulima amekwisha kununua alichonunua; ile iliyotoka Oktoba ni msaada.

Asemaye kwamba hakuna wasomaji nje ya Dar es Salaam na atazame Iringa, ambako Maggid Mjengwa aliiendesha blogi yake kwa miaka mingi, akaandika na kupiga picha za maisha ya watu wa kawaida, na Watanzania wa ndani na nje wakamfuata huko huko. Yeye ni mwanahabari, si mtafiti wa chuo, lakini alithibitisha kwamba mji wa milimani watosha kuwa kituo cha kuandikia taifa. Katika watafiti hasa, mfano ulio karibu nasi ni Joseph Mbele, mzaliwa wa Litembo katika mkoa jirani wa Ruvuma, mtaalamu wa fasihi simulizi anayejulikana kwa kazi yake juu ya hadithi za Wamatengo na aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo cha St. Olaf, Minnesota. Blogi yake ya Hapa Kwetu ameiandika kwa Kiswahili, juu ya vitabu, elimu na tabia zetu, naye hakuona haya kutoa pia kitabu cha insha za Kiswahili kwa wasomaji wa kawaida, CHANGAMOTO: Insha za Jamii. Uprofesa haukumzuia kuandika, na kuandika hakukumshusha uprofesa. Ningependa vijana wamtazame yeye kabla ya kumtazama mtu wa Chicago.

Mfano wa pili ni wa aina nyingine. Martin Walsh, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya kazi Iringa katika mradi wa wanyamapori wa Idodi na Pawaga na pia katika bonde la Usangu, amekuwa na blogi aliyoiita East African Notes and Records, ambamo aliweka makala zake za zamani na maelezo madogo madogo ambayo hayakuwa na mahali pengine pa kukaa. Jambo kama la Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukiacha kutiririka wakati wa kiangazi, na ambao kwa ajili yake wafugaji waliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, halielezeki kwa ripoti moja. Linahitaji kumbukumbu nyingi ndogo zilizohifadhiwa na mtu mwenye subira. Walsh alipotoa mwaka 2012, katika jarida la kitaaluma, makala yake juu ya hofu iliyozuka kwa ajili ya Ruaha na historia zilizofichika nyuma yake, alikuwa mtu wa miaka mingi ya kuandika na kuhifadhi. Hapa yaonekana matumizi ya blogi ambayo watu huyasahau: si baraza la kutoa maoni tu, bali ni ghala la mambo ambayo ripoti ya mradi iliyakata kwa kukosa nafasi, na ambayo mtafiti wa kesho atayahitaji. Mwenye kuanza na ghala hatajuta. Mwenye kuanza na maoni aghalabu hujuta.

Sasa nije kwenye amana, ambako pana uzito wa maneno yangu.

Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji habari za kima aliyeitwa kipunji, na mwishoni mwa mwaka huo wakamwona kwa macho yao. Mwaka uliofuata watafiti wengine, bila ya kujua habari za wenzao, walimwona kima yule yule katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, upande wa Iringa, umbali wa kilomita zipatazo 350. Walipotambuana, hawakushindana, waliungana, wakatoa makala moja katika jarida la Science mwezi Mei 2005, na miongoni mwa majina yaliyoandikwa yalikuwamo ya Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga. Mwaka 2006 ikathibitika kwamba mnyama huyo astahili kuwekwa katika jenasi yake peke yake, nayo ikaitwa Rungwecebus. Yatafakari haya kwa makini, ewe kijana mwenye simu yenye kamera nzuri. Laiti mmoja wao, kwa furaha ya siku ile msituni, angaliitoa picha hadharani jioni hiyo hiyo, asingaliongeza elimu hata chembe, bali yamkini angaliwapokonya wenzake miaka ya kazi, angaliufanya muungano wa makundi mawili kuwa ugomvi wa nani aliyetangulia, na angaliwaonyesha wenye mitego mahali alipo mnyama mwenye idadi ndogo sana. Walinyamaza, wakapima, wakalinganisha. Na hakuna aliyekuwa na haki ya kuvunja kimya hicho peke yake, maana jambo lenyewe halikuwa la mtu mmoja.

Hukumu hiyo hiyo yahusu mahali pa vitu adimu. Katika uwanda wa Kitulo na milima iliyouzunguka, viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa wingi kwa ajili ya chikanda, chakula kipendwacho Zambia, mpaka watafiti walipoiandika biashara hiyo na eneo likafanywa hifadhi ya taifa. Mtu anayesoma maua hayo leo, akiweka hadharani picha yenye alama za mahali ambazo simu huzipachika yenyewe bila ya kuulizwa, amemchorea mchimbaji ramani. Azime alama hizo kabla ya kwenda porini, na ataje wilaya badala ya bonde.

Watu nao ni amana kuliko maua. Mtafiti wa afya aliyeshirikiana na kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au mtafiti wa elimu jamii kutoka vyuo vikuu vya Iringa, hurudi na maelezo ya watu waliomfungulia nyoyo kwa sharti la siri. Wengi hudhani kwamba kuliondoa jina kwatosha. Hakutoshi. Ukiandika juu ya mjane mwenye mashine ya kusaga katika kijiji fulani cha Kilolo, kijiji kizima kimekwisha kumtambua, na binamu yake aliyeko Makambako atamsomea maneno yako kwa simu usiku huo huo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yamtaka mtu awe na uangalifu huo. Lakini hata kabla ya sheria, murua ulitosha. Badilisha kijiji, badilisha biashara, au mwombe ruhusa mwenyewe baada ya kumsomea ulichoandika. Njia hii ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu mara nyingi huyo unayemwomba husahihisha mahali ulipokosea.

Na amana ya tatu ni ahadi ya kitu ambacho bado hakijakamilika. Mbegu iliyomo katika majaribio, ambayo taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, TOSCI, haijaipima wala kuipitisha, si mbegu, ni dhana. Mtafiti anayetangaza kwamba mistari yake mipya ya maharage imezaa maradufu shambani mwake amewapa walaghai wa stendi jina la kuuzia punje zozote walizonazo, na mkulima atakapopata hasara atalikumbuka jina la mtafiti, si la mlaghai. Vivyo hivyo kwa dawa na chanjo.

Hapa ndipo sheria na mamlaka zinapoingia, nami sitalikwepa jambo hili kama wanavyolikwepa wengi. Mwezi Machi 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogi kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa ada ambazo jumla yake kwa kuanzia ilizidi shilingi milioni mbili, na kumwekea mkaidi faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miezi kumi na miwili, au vyote viwili. Waandishi kadhaa walifunga blogi zao mwaka huo. Kanuni zikaandikwa upya mwaka 2020, zikarekebishwa tena mwaka 2022, na aina za wanaohitaji leseni zikabadilika; kwa hiyo anayetaka kuanza asitegemee aliyoyasikia kwa rafiki aliyeanza zamani, bali asome kanuni za mwaka anaoanzia na, akiona shaka, aiulize mamlaka yenyewe kwa barua na alitunze jibu. Sheria ya Takwimu nayo ilibadilishwa mwaka 2018 kiasi cha kumtisha mtu aliyetoa takwimu zinazopingana na za serikali, ikalegezwa mwaka 2019 baada ya malalamiko ya ndani na nje. Mwenye kuandika juu ya njaa, maradhi au umaskini aijue historia hiyo, si ili anyamaze, bali ili aeleze kwa uwazi takwimu zake zimetoka wapi, zimekusanywaje na kwa kibali gani cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH.

Tena kuna kisa cha Dakta Mwele Malecela, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, ambaye tarehe 15 Desemba 2016 aliwaeleza waandishi wa habari matokeo ya utafiti uliogundua dalili za virusi vya Zika katika damu za watu waliopimwa nchini, na kesho yake uteuzi wake ukatenguliwa na Rais wa wakati huo. Hakuandika blogi, alizungumza akiwa katika kiti chake. Baadaye alichukuliwa na Shirika la Afya Duniani, akawa mkurugenzi huko Geneva, na alifariki Februari 2022 akiwa na heshima kubwa katika fani yake. Nakitaja kisa hiki kwa sababu vijana hukisoma vibaya pande zote mbili: wengine husema kwamba kumbe mtafiti asiseme kitu, na wengine kwamba kumbe ukweli humlinda mtu. Ninavyokisoma mimi, matokeo ya utafiti yenye kuweza kuleta taharuki yana njia zake za kupita kabla ya kufika kwa umma, na hata mwenye cheo kikubwa zaidi anayeyatamka hujitwika mzigo; sembuse mhadhiri msaidizi aliye peke yake na kompyuta usiku. Habari ya mlipuko wa ugonjwa si kitu cha blogi ya mtu binafsi. Ipelekwe kwa mganga mkuu wa mkoa na wizarani, na blogi ingoje. Ikishatangazwa, hapo ndipo kalamu yako ina kazi kubwa, kueleza kwa utulivu jambo ambalo tangazo la serikali limelisema kwa maneno ishirini.

Kwa mtumishi wa umma kuna hatua moja inayodharauliwa, nayo huondoa nusu ya taabu: mwambie mkuu wako kabla ya kuanza. Usiombe idhini ya kila makala, maana utakuwa umemkabidhi kalamu. Mpe barua ya ukurasa mmoja ukisema kwamba una blogi yako binafsi, kwamba humo utaeleza machapisho yaliyokwisha kutoka na mambo ya taaluma yako kwa jumla, kwamba hutatoa nyaraka za ofisi wala kusema kwa niaba yake, na kwamba hutaandika kwa saa wala vifaa vya kazi. Kisha andika maneno hayo hayo kwa ufupi juu ya blogi yenyewe. Mkuu anayeisikia blogi kwako huiona ni bidii. Anayeisikia kwa mtu wa tatu, tena siku ya shari, huiona ni hila. Wako wakuu wasiopenda watumishi wao wajulikane, nao nimewaona. Lakini hata hao hushindwa kuipinga barua iliyotunzwa katika faili.

Hasira na ghururi nitazipitia upesi, kwa kuwa kila mtu anazijua kwa mwenzake. Usimjibu mhakiki wa makala yako hadharani. Usimcheke mwanafunzi wako hata kwa fumbo, maana darasa la Mbeya ni dogo, na fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalitambua. Ukikosea takwimu, sahihisha mahali pale pale, uandike tarehe ya kusahihisha, na uliache kosa lionekane. Msomaji akiona umelifuta kimya kimya hatakuamini tena hata pale ulipo sahihi. Mwalimu au mwanafunzi aliyekutumia habari mtaje kwa jina akiridhia, kwa sababu wengi wa wasaidizi wa utafiti wa nyanda hizi wamefanya kazi miaka mingi bila ya majina yao kuandikwa popote.

Limebaki la kuhifadhi. Blogi iliyofunguliwa kwa anwani ya barua pepe ya kazini hufungika siku mwenyewe anapohamishwa kutoka Uyole kwenda kituo cha Naliendele, na maandishi ya miaka kumi hupotea kwa sababu ya nywila moja iliyofutwa na fundi wa kompyuta asiye na kosa. Fungua kwa anwani yako mwenyewe, lipia jina la tovuti kabla ya siku yake, na kila mwisho wa mwaka piga chapa makala zote, uzijalidi kwa fundi yeyote wa vitabu aliye mjini, nakala moja ubaki nayo na nyingine uipeleke maktaba ya chuo ukidai hati ya kupokea. Mkutubi akikuuliza aiweke katika rafu gani, mwambie aiweke pamoja na ripoti za mikoa ya kusini, chini ya jina lako.